Bunduki Ije Baada ya Darasa

Mtu akitaka kuendesha motokaa, hapana anayeshangaa akiambiwa aende kwanza akajifunze, kisha apande gari pamoja na mtahini, ndipo apewe leseni. Lakini mtu yule yule akitaka kumiliki bunduki, watu wengi hudhani yatosha awe na tabia njema, asiwe na kesi, na awe na fedha za kuinunua. Leo twapenda kulizungumza jambo hili, nasi twachukua mfano wa Kanada, nchi ya misitu mikubwa na wawindaji wengi, ambako kwa kawaida mtu hapati leseni yake ya kwanza ya bunduki mpaka amekaa darasani na kufaulu mtihani.

Nchi ile haikufika hapo kwa raha. Tarehe 6 Desemba 1989, katika chuo cha uhandisi cha École Polytechnique mjini Montreal, kijana mmoja aliingia na bunduki aliyoinunua dukani kwa halali, akawatenga wanaume na wanawake, na siku ile akawaua wanawake 14. Cheti cha kununulia silaha alikuwa nacho. Baadhi ya waliosalimika, akiwamo mwanafunzi Heidi Rathjen, hawakukubali kwamba msiba ule uishe kwa maombolezo tu. Walikwenda kwa wabunge mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1991 sheria ilikazwa, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Silaha ambayo, ingawa imerekebishwa mara nyingi, ndiyo inayotumika hadi sasa.

Darasa lenyewe ni la siku moja hivi, yapata saa nane za masomo. Msomaji asidhani kwamba wanafunzi hupelekwa uwanjani kulenga shabaha. Hapana hata risasi moja inayopigwa. Bunduki zinazotumika zimekwisha kuharibiwa makusudi zisiweze kufyatuka, na risasi zake ni za kuigiza, hazina baruti. Wako watakaocheka kusikia kwamba mtu aweza kupata leseni ya bunduki bila ya kufyatua hata mara moja. Sisi hatucheki. Kulenga ni ustadi ambao mtu aweza kujifunza baadaye. Ajali nyingi za nyumbani hazitokani na mtu kukosa shabaha, bali hutokana na mtu kudhani kwamba bunduki ni tupu.

Kwa sababu hiyo darasa limejengwa juu ya kanuni nne, na wanafunzi huzikariri kama vile watoto wa misheni walivyokariri katekisimu. Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu uelekezwe mahali pa salama wakati wote. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka mtu ameamua kupiga. Na bunduki isisadikiwe kuwa tupu mpaka imekaguliwa. Ukaguzi huo nao una hatua zake: mtutu uelekezwe upande ulio salama kuliko zote, risasi zote zitolewe, chemba itazamwe, kisha njia ambayo risasi hupitia kuingia chemba, na mwisho tundu la mtutu lichunguzwe kama limeziba. Mwanafunzi akikabidhiwa bunduki na mwalimu wake, hata kama amemwona mwalimu akiifungua na kuikagua nukta iliyopita, yampasa aikague upya kwa macho yake mwenyewe. Hapa adabu ya kuaminiana haina nafasi, wala mwalimu haoni kwamba amevunjiwa heshima.

Yako mambo mengine ambayo mtu hawezi kuyajua kwa akili tu mpaka afundishwe. Chukua bunduki za marisau, zile zinazorusha chembe nyingi kwa mpigo mmoja. Hizi hupimwa kwa namba, na ajabu yake ni kwamba namba ikiwa kubwa, tundu la mtutu ni dogo. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Mtu akiiingiza kwa makosa katika bunduki ya namba 12, huteleza ndani ya mtutu na kukwama humo. Akitazama chemba ataiona tupu. Basi huingiza risasi ya namba 12, na akiifyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono wake na uso wake. Kadhalika yuko anayefyatua, risasi isilie, naye mara moja akaigeuza bunduki aitazame ina nini. Darasani hufundishwa kwamba mtutu ubaki umeelekezwa kule kule kwa nukta 60, kwani baruti huweza kuchelewa kushika moto. Mwindaji mwenye kuvuka ua wa seng'enge atoe risasi kwanza. Na anayepiga ndege kwa kijibunduki kidogo cha .22, ambacho wengi hukidharau, ajue kwamba risasi yake huweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu, kwa hiyo ni lazima aangalie kilichoko nyuma ya ndege.

Mitihani ni miwili, wa maandishi na wa vitendo, na katika kila mmoja mwanafunzi hutakiwa apate alama 80 katika 100. Zamani mtu aliyejiona mjuzi aliweza kuufanya mtihani bila ya kuhudhuria masomo. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2015, mwombaji wa mara ya kwanza hana budi kukaa darasani, awe mjuzi au asiwe. Twaona walifanya vema. Mjuzi wa kujifundisha mwenyewe aghalabu amejifundisha na makosa.

Lakini lililotuvutia zaidi ni yale yanayofuata baada ya mtihani, maana cheti cha darasa si leseni. Mwombaji hutaja watu wawili wanaomjua. Fomu yake pia huulizia mke au mume wake, na hata yule aliyeishi naye kama mke au mume katika miaka miwili iliyopita. Hao hutakiwa watie saini, na wasipotia saini polisi huwajulisha kwamba fulani ameomba silaha. Hapa mwanamke aliyekuwa akipigwa hupewa nafasi ya kusema kabla ya bunduki kuingia nyumbani. Ni ulizo dogo katika karatasi, lakini kwetu sisi lina uzito kuliko barua kumi za wazee wanaomjua mume barazani tu. Tena mwombaji wa mara ya kwanza hungoja siku zisizopungua 28. Sehemu kubwa ya vifo vya bunduki katika Kanada ni vya watu waliojiua wenyewe, na siku 28 huweza kumvusha mtu aliyekuwa katika giza la moyo. Leseni yenyewe hudumu miaka mitano, na katika muda huo majina ya wenye leseni hulinganishwa kila siku na taarifa za polisi. Bunduki nayo hukaa bila risasi, imefungwa kwa kufuli au kuwekwa kabatini, na risasi zake hazikai wazi pembeni mwake.

Wapo watakaotujibu kwamba mhalifu haendi darasani. Ni kweli. Mwezi Aprili 2020, katika jimbo la Nova Scotia, mtu mmoja aliwaua watu 22, naye hakuwa na leseni kabisa. Nyingi ya silaha zake zilivushwa kwa magendo kutoka Marekani. Darasa lisingemzuia mtu yule, na yeyote anayesema kwamba darasa huondoa uhalifu adanganya watu. Kazi ya kumkamata mwenye magendo ni ya polisi na forodha. Darasa lina kazi nyingine, nayo ni kuwalinda mke na watoto wa raia mwema, jirani yake, na yeye mwenyewe. Hawa ndio wanaokaa karibu na bunduki ya halali usiku na mchana.

Na sisi je? Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kenya, mwishoni mwa mwaka 2018, iliwataka raia wote wenye leseni za bunduki waje wakaguliwe upya. Hatua hizo ni za kusifiwa. Lakini ombi linapoanzia serikali ya mtaa au ya kijiji likapanda ngazi hadi juu, barua za viongozi hueleza tabia ya mwombaji. Haziwezi kueleza kama ajua kuifungua chemba, maana viongozi wenyewe hawakuulizwa hilo wala si kazi yao. Nani kati yetu hajamwona mlinzi wa duka, saa tisa ya usiku, ameegemea bunduki yake, mdomo wa mtutu uko chini ya kidevu? Mlinzi huyo si mjinga. Amechoka, na hakuna aliyemkataza.

Kwa hiyo twataka kila mwombaji, awe mfanyabiashara wa mjini au mkulima wa kijijini, apite mbele ya mtahini akiwa na bunduki mkononi kabla ya kupewa leseni. Mtahini huyo asiwe yule anayeuza bunduki, kwani muuzaji hapendi kumwangusha mteja wake. Na mke wa mwombaji aulizwe faragha, si mbele ya mumewe.

Twajua ugumu uko wapi. Silaha ya mkulima wetu anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe na ngedere mara nyingi ni gobole, nayo haifunguliwi nyuma mtu akaona kama ina kitu. Kwa gobole ukaguzi ni mwingine: mdeki huingizwa ndani ya mtutu mpaka ukome, hutiwa alama pale unapoishia mdomoni, kisha hutolewa na kulinganishwa na urefu wa mtutu kwa nje. Ukiwa mfupi kwa vidole vichache, ndani mna shindilio. Hilo hufundishwa kwa dakika tano. Askari mmoja mwenye subira, bunduki tatu zisizofyatuka, gobole moja na kifurushi cha risasi za kuigiza vyaenea katika gari moja, na gari hilo laweza kufika vijijini mahindi yangali machanga, kabla magobole hayajashushwa kutoka darini.