Je, Wajua? Kadi ya Sigara Yenye Thamani ya Mamilioni

Je, wajua kuwa kikaratasi cha sentimita 4 kwa 7 hivi kiliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022? Ni kadi ya Honus Wagner, mcheza besiboli wa Pittsburgh Pirates. Kadi kama hizo zilitiwa bure ndani ya pakiti za sigara, kuanzia 1909. Zinazojulikana leo ni kama 60 tu.

Klabu hiyo hiyo ndiyo iliyomchezesha mzaliwa wa Afrika wa kwanza katika ligi kuu ya Marekani: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 26 Aprili 2017. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa usafi wa klabu ya besiboli. Gift alikulia humo humo, katika chumba kidogo. Zamu yake ya kwanza kushika gongo, aliupiga mpira akafika kituo salama!

Majirani zetu nao wamo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, waliifunga timu ya Oregon, Marekani, 3–2 katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Mwaka 2022, Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda Ben Serunkuma na Umar Male.

Ukikuta kadi ya besiboli mfukoni mwa nguo ya mtumba pale soko la Kongowea, usiitupe.