Kabla ya Kuweka PIN: Jinsi ya Kuchagua Kamera Ndogo ya Picha za Kila Siku

Mtoto anahitimu PP2, nyanya amekuja kutoka ushago na leso mpya, halafu simu inakuambia nafasi imejaa. Unafuta video za WhatsApp haraka haraka. Ukimaliza, mtoto ameshashuka jukwaani. Hapo ndipo wengi huanza kuwaza: si ninunue tu kakamera kadogo?

Wazo si baya. Kamera ndogo za dijitali, zile za kuingia mfukoni kama Canon IXUS, Sony Cyber-shot au Nikon Coolpix, bado zinauzwa, hasa zilizotumika. Shida ni kulipa kwanza na kujaribu baadaye. Sisi kazi yetu ni malipo, na ushauri wetu ni mmoja: PIN huwekwa mwisho, baada ya kamera kupita mtihani.

Je, unaihitaji kweli?

Kama simu yako inapiga picha safi mchana, kamera ya bei ya chini huenda isiishinde. Kamera ndogo inakusaidia kwa mambo matatu: lenzi inayovuta kitu cha mbali bila kuharibu picha, flashi yenye nguvu kuliko taa ya simu, na kadi yake yenyewe isiyogombania nafasi na WhatsApp. Kama hayo si shida zako, kaa na pesa zako. Na kama pesa hizo ni za karo, au ni mkopo wa simu, picha zinaweza kungoja. Siku ya kulipa mkopo haingoji.

Usipumbazwe na megapikseli

Muuzaji atakuambia, "Hii ni megapikseli 20!" Lakini picha ya kawaida ya inchi 6 kwa 4 hutoka safi hata kwa chini ya megapikseli 3. Kinachobeba uzito zaidi ni kihisi, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera nyingi ndogo zina kihisi cha takriban milimita 6 kwa 4.6. Sony RX100, iliyotoka 2012, ina cha milimita 13.2 kwa 8.8, eneo la karibu mara nne. Ndiyo maana picha zake za jioni au za ndani ya nyumba huwa na chengachenga chache.

Kwa kuvuta kitu cha mbali, soma maandishi kwenye kamera. "Optical Zoom" ni lenzi yenyewe inayofanya kazi. "Digital Zoom" ni kukata kipande cha picha na kukikuza tu. Hata simu inafanya hivyo.

Uliza kadi, betri na chaja

Hapa ndipo bei rahisi hugeuka ghali. Kamera za zamani za Olympus na Fujifilm zilitumia kadi ya xD, na za Sony zilitumia Memory Stick. Kadi hizo kuzipata leo ni kazi. Chagua inayotumia SD ya kawaida. Hata hivyo, kamera nyingi za kabla ya 2006 hazisomi SD inayozidi 2GB. Betri nayo: kama ni za AA, duka la mtaani linazo. Kama ni ya aina yake pekee, hakikisha inakuja na chaja. Ukitajiwa Sh8,000, uliza: hiyo ni pamoja na nini?

Mtihani wa dakika tano

Nenda na kadi yako ya SD, kisha:

1. Iwashe na kuizima mara tatu. Lenzi itoke na kurudi bila kukwama wala kusaga kama ina mchanga.
2. Piga picha ya ukuta mweupe. Ukiona madoa yale yale kwenye kila picha, kuna uchafu ndani.
3. Vuta mpaka mwisho, piga, kisha kuza picha uone kama imeshika vizuri.
4. Jaribu flashi, vitufe vyote na kioo.
5. Toa betri. Ikiwa imefura, usiichukue.
6. Weka kadi kwenye simu au kompyuta, uone kama picha zimeingia.

Muuzaji akikasirika kwa sababu unajaribu, mshukuru na uende zako.

Sasa lipa

Iwe ni duka la Luthuli Avenue au mtu uliyempata mtandaoni, kutaneni mchana, mahali penye watu. Usitume "kitu kidogo cha kukushikia" kwa mtu ambaye hujamwona wala kuiona kamera. Dukani, lipia nambari ya till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa tofauti na la duka, simama uulize. Omba risiti yenye modeli na nambari ya siri ya kamera, mkubaliane kwa maandishi siku za kurudisha, na usifute ujumbe wa malipo.

Tunasisitiza haya kwa sababu moja. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa pesa zilizotumwa kimakosa kwa nambari isiyo sahihi. Haikuwekwa kwa kamera iliyokufa ukifika nyumbani. Ukishathibitisha malipo kwa mtu uliyemkusudia, mazungumzo yanabaki kati yako na yeye, na silaha yako ni ile risiti.

Kwa hivyo mahafali yakikaribia, usinunue asubuhi ile ile. Nunua wiki mbili mapema, piga picha za jikoni, za kuku, za watoto wakicheza. Nyanya akifika na leso yake, wewe na kamera mtakuwa mmeshazoeana.