Ukigusa Jang'ombe programu inajifunga? Huenda tatizo ni ritifaa

Umefungua programu ya simu inayoonyesha mitaa ya Ng'ambo. Unagusa Michenzani, maelezo yanakuja. Unagusa Kikwajuni, yanakuja. Miembeni, hakuna shida. Ukigusa Jang'ombe tu, programu inajifunga na kukurudisha mwanzo. Unajaribu tena, mambo yaleyale.

Wengi wetu hapo tunalaumu simu, au bando. Programu hiyo ni ya mfano tu, lakini hitilafu yenyewe ipo kweli, na kwa majina yetu ni rahisi sana kutokea.

Iko hivi. Ndani ya programu ya Android, mbali na maelekezo ya kuiendesha, kuna vitu vinavyoitwa rasilimali: picha, maneno, sauti, rangi. Vinakaa kwenye folda iitwayo res. Programu inapojengwa, kila rasilimali inapewa namba yake, na namba zote zinaorodheshwa mahali panapoitwa R. Mtengenezaji akiandika R.drawable.michenzani, anaelekeza moja kwa moja kwenye picha ile. Kama picha haipo, kompyuta yake inamgomea palepale, kabla wewe hujaipakua.

Njia ya pili ni kutafuta kwa jina, kwa amri ya getIdentifier. Hapa programu inauliza wakati unaitumia: "Kuna picha inaitwa michenzani?" Ni kama tofauti ya kwenda nyumba unayoijua na kufika mtaani ukaanza kuulizia barazani. Utafika, lakini utachelewa kidogo, na ukikosea jina hakuna atakayekujua. Ndiyo maana maelezo rasmi ya Android hayaipendekezi sana.

Sasa kwa nini watu wanaitumia? Kwa sababu inapunguza kazi. Chukua programu ya daladala. Mtumiaji anaandika 502 ya Bububu au 505 ya Uwanja wa Ndege, na programu inaunganisha "gari_" na namba hiyo, kisha inatafuta picha ya njia. Mstari mmoja unatosha kwa njia zote. (Hilo neno "gari_" si pambo. Picha ikiitwa 502.png, Android inaikataa, kwa sababu jina la rasilimali haliwezi kuanza na tarakimu.)

Faida nyingine: namba zile za R zinaweza kubadilika programu ikijengwa upya. Mtengenezaji akihifadhi namba ya mtaa unaoupenda, baada ya sasisho unaweza kuletewa mtaa mwingine kabisa. Jina halibadiliki hivyo.

Turudi Jang'ombe. Jina la faili la picha linaruhusiwa kuwa na herufi ndogo, tarakimu na mstari wa chini tu. Hakuna herufi kubwa, hakuna nafasi, hakuna ritifaa. Kwa hiyo picha itaitwa jangombe.png. Lakini kwenye orodha unayoiona wewe pameandikwa Jang'ombe, kama inavyotakiwa. Programu isipoliondolea jina hilo ritifaa kabla ya kutafuta, haitapata kitu. Na ziko ritifaa za namna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, kutegemea kibodi iliyotumika kuandika. Ukiondoa moja ukaisahau nyingine, bado umekwama. Ng'ambo yenyewe imo kwenye mtego huohuo!

Jina lisipopatikana, getIdentifier haipigi kelele. Inarudisha 0 tu. Sifuri hiyo ikipelekwa kwenye sehemu ya picha, unaweza kuona pameachwa patupu. Ikipelekwa kuchukua maneno, programu inajifunga. Dawa ni fupi: kabla ya kutumia jibu, angalia kama ni 0, kisha weka picha au maneno ya akiba.

Kuna mtego wa pili, na huu unaniudhi zaidi kwa sababu mtengenezaji hauoni kwenye simu yake. Ili programu isile bando lako, kabla ya kuitoa huwa inapunguzwa: rasilimali zinazoonekana hazitumiki zinatupwa. Kwa kawaida kipunguzaji kina tahadhari. Kikiona "gari_" kwenye maelekezo, kinaacha picha zote zinazoanza hivyo. Lakini kikiwekwa kwenye hali kali, au jina zima likiwa linatoka kwenye seva, picha inaweza kutupwa kwa kudhaniwa haina kazi. Kwake ipo, kwako haipo. Kinga yake ni faili la keep.xml, ambamo anaorodhesha vya kubakishwa.

Lugha nayo ina kisa chake. Maneno ya Kiswahili yanakaa kwenye folda ya values-sw. Tangu Agosti 2021, programu mpya za Play Store zinapelekwa kwa mfumo ambao kwa kawaida unakushushia lugha ya simu yako tu. Simu yako ikiwa kwa Kiingereza, unaweza kubonyeza kitufe cha Kiswahili ndani ya programu ukaendelea kuona Kiingereza. Mtengenezaji anatakiwa azime mgawanyo huo wa lugha. Wewe, kwa sasa, ongeza Kiswahili kwenye lugha za simu.

Na ukimwandikia mtengenezaji, usimwambie tu "haifanyi kazi". Mwambie ulichogusa, herufi kwa herufi, pamoja na ritifaa yake.