Mpelelezi wa Utetezi Akibisha Hodi

Mtu anabisha hodi jioni. Amevaa nadhifu, ana faili kwapani, na anamtaja mtuhumiwa kwa jina. "Mimi ni mpelelezi, nashughulikia kesi yako." Mwathiriwa anamkaribisha kiti na kuanza kusimulia, akidhani anaongea na polisi. Kumbe mgeni ameajiriwa na wakili wa mshtakiwa.

Katika jimbo la California, mgeni huyo angekuwa amevunja sheria. Kifungu cha 1054.8 cha Sheria ya Adhabu kinawabana wapelelezi na mawakili wa pande zote mbili: kabla ya kumhoji mwathiriwa ambaye jina lake limetolewa na upande wa pili, wajitambulishe, wataje ofisi iliyowaajiri na waseme wazi kama ni wa mashtaka au wa utetezi. Wakija ana kwa ana, waonyeshe kitambulisho kwanza.

Tena mwathiriwa hana lazima ya kuwafungulia. Mwaka 2008 wapigakura wa California walipitisha Sheria ya Marsy, na tangu hapo katiba ya jimbo inampa haki ya kukataa mahojiano na mshtakiwa, wakili wake au yeyote anayewatumikia. Akikubali, anaruhusiwa kuweka masharti ya kiasi, kwa mfano saa na mahali pa kukutana. Aliyedhulumiwa kingono ana haki ya kuwa na mtetezi wa waathiriwa pamoja na mtu mmoja amtakaye.

Mwendesha mashtaka naye hana mamlaka ya kumwamuru anyamaze. Uamuzi ni wa mwathiriwa mwenyewe, na wapo wanaochagua kuongea kwa sababu nzuri tu. Wakili wa utetezi anatimiza wajibu wake, kwani huenda mteja wake amesingiziwa. Ila yanayosemwa sebuleni yanaandikwa, na yakitofautiana na ushahidi wa kizimbani, hata kwa sababu ya uchovu au woga, mwathiriwa ataulizwa mbele ya watu.

Arizona ilitangulia kuiweka haki hii ya kukataa mahojiano katika katiba yake, mwaka 1990. Sheria yake ya 13-4433 iliandikwa ikiutaka utetezi upeleke ombi kwa mwendesha mashtaka badala ya kwenda moja kwa moja kwa mwathiriwa. Mawakili wa utetezi wameipinga katika mahakama ya shirikisho kwa hoja ya uhuru wa kusema. Lakini kipengele kinachonigusa zaidi ni kingine: utetezi ukigusia kesini kwamba mwathiriwa alikataa kuhojiwa, jaji lazima awaambie raia wanaoamua kesi kuwa hiyo ni haki yake ya kikatiba. Kukataa kusigeuzwe dalili ya uongo.

Hata hivyo, kukataa mahojiano si kukataa mahakama. Hati ya wito ikifika, mwathiriwa ataitika na kujibu maswali ya utetezi chini ya kiapo, maana Katiba ya Marekani inampa mshtakiwa haki ya kukabiliana na mashahidi wanaotoa ushahidi dhidi yake.

Huko Arizona, miji ya Phoenix na Tucson ina familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, na wengi wao wamepitia mahali ambapo mtu mwenye faili hakataliwi. Kwao nasema: muulize kwanza, "Umetumwa na nani?" Hujaridhika, chukua kadi yake, funga mlango, pigia ofisi ya mwendesha mashtaka. Na kumbuka kuwa Arizona inamruhusu mtu kurekodi mazungumzo yake na wewe bila kukuarifu, kwa hiyo hata maneno ya mlangoni yapime.