Mawe Yasemayo: Kituo cha Urithi cha Charmouth

Mwezi huu napenda kuwapeleka katika kijiji cha Charmouth, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Nilikwenda huko na wajukuu wangu wakati wa likizo, nikidhani tunakwenda kupunga upepo tu. Tukarudi na somo.

Magenge ya pwani ile ni ya udongo mweusi uliotuama chini ya bahari yapata miaka milioni 195 iliyopita. Mvua inyeshapo na mawimbi yapigapo, udongo huporomoka na kuanika visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe: amonaiti zilizojiviringa mithili ya pembe za kondoo dume, na mifupa ya ikthiosauri, mnyama wa baharini aliyefanana na pomboo. Kisichookotwa husagwa na bahari.

Sifa za pwani hiyo haziachani na jina la Mary Anning, binti wa seremala wa mji jirani wa Lyme Regis, aliyezaliwa mwaka 1799. Baba yake alifariki mwaka 1810 akaiacha familia na madeni, nayo ikategemea kuuza visukuku. Kati ya 1811 na 1812 Mary na kaka yake Joseph waligundua ikthiosauri, na mwaka 1823 Mary akapata mifupa ya plesiosauri karibu kamili. Mabwana wasomi walinunua alivyofukua na kuviandikia makala, lakini chama chao cha jiolojia huko London hakikupokea wanawake. Alifariki mwaka 1847.

Kituo chenyewe kilianzishwa mwaka 1985, ndani ya jengo kuukuu la ufukweni lililokuwa kiwanda cha saruji katika karne ya 19. Ni shirika la hisani. Waajiriwa wake ni wachache, na kazi nyingi hubebwa na watu wa kujitolea. Hao hupokea wageni, huwasaidia watoto kutambua walichookota, na husaidia katika matembezi ya ufukweni. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza pwani hiyo, yenye urefu wa kilomita 155 hivi, kuwa Urithi wa Dunia.

Kanuni ya hapo ilinipendeza: okota kilicholala ufukweni, usichimbe magenge, na ukipata kitu adimu, kiandikishe kituoni ili elimu isipotee.

Tukiwa tunatoka, mjukuu wangu aliuliza: "Bibi, na kwetu je?"

Nikamweleza habari za Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dainosari, na wenyeji kwa mamia wakaibeba vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa hadi bandarini. Msimamizi wao hodari aliitwa Boheti bin Amrani. Leo dainosari mmoja wa Tendaguru amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake chapita mita 13. Waingereza nao walichimba kuanzia 1924 hadi 1931, na mifupa ikaletwa London.

Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi ya kwetu iko huku, na sisi hatukujua."

Neno hilo limenikaa moyoni. Jina la Mary Anning halikufutika kwa kuwa wako watu wanaolitaja kila siku mbele ya watoto. La Boheti nani atalitaja, ikiwa sisi wenyewe hatulijui? Mali bila daftari hupotea bila habari. Natoa rai kwamba kila familia ianze na daftari moja la majina ya wazee, vijiji na kazi zao, na wenye nafasi Jumamosi wajitolee kuwasomesha watoto wetu habari hizo.

Nanyi mkienda Charmouth, ulizeni kwanza saa za maji kujaa na kupwa, wala msikae chini ya magenge, kwani huporomoka bila kubisha hodi.