Shukrani Mezani pa Bwana

Kila Jumapili katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu mjini Kakamega, na katika vigango vilivyotapakaa baina ya msitu na mashamba ya miwa, waumini husimama safu baada ya safu, wakasogea mbele, wakapokea komunyo, wakaitikia Amina, wakarejea kuketi. Na jambo hili, ambalo Wakristo wanalisadiki kuwa ni tunu isiyo kifani, aghalabu humpita mtu upesi bila moyo kutaharuki wala fikira kusimama. Mazoea peke yake si kosa, kwani hakuna ibada isiyojengwa juu ya marudio. Bali yanapotwaa mahali pa shukrani, mtu huwa kama mwalikwa anayekula karamu asimkumbuke mwenye nyumba.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni kupokea kwa nadra. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ulilazimika kuwaamuru waumini wapokee walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, na kwa karne nyingi baadaye wengi hawakuzidisha hapo. Papa Pio wa Kumi ndiye aliyehimiza, mwaka 1905, komunyo ya mara kwa mara, hata ya kila siku, na mwaka 1910 akawafungulia mlango watoto waliofikia umri wa kupambanua, yaani kama miaka saba. Mapadri wa Mill Hill walifungua misheni ya Mukumu mwaka 1906, kwa hiyo imani ya Kikatoliki iliingia katika nchi ya Wakakamega wakati uleule mlango ulipokuwa ukipanuliwa.

Hata hivyo haukuwa mlango mwepesi. Sheria ilimtaka mpokeaji afunge tangu usiku wa manane, asionje chakula wala maji, naye aliyetoka mbali kwa miguu alifika kanisani na njaa yake. Mwaka 1953 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliruhusu maji, mwaka 1957 akaufupisha mfungo kuwa wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akaufanya saa moja tu. Siwatakii waumini wa leo njaa ya wazee wao, na huruma ile ya Mapapa ilikuwa ya haki. Ila njaa ile ilikuwa ikiwakumbusha watu tangu usiku kwamba asubuhi wanakwenda kupewa kitu, na kazi hiyo sasa imeachiwa dhamiri ya kila mmoja, nayo dhamiri huchelewa kuamka.

Magharibi hii ya Kenya inao mashahidi wengine ambao nchi nyingi hazinao kwa wingi kama huu. Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi kutoka Marekani mwaka 1902, wakati Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss walipoanza kazi yao mahali ambapo baadaye palihesabiwa katika wilaya ya Kakamega na leo pamo katika Vihiga. Katika ibada zao hapaandaliwi mkate wala divai, maana husadiki kwamba ushirika na Kristo ni wa rohoni na hauhitaji alama ya nje. Jeshi la Wokovu nalo halina meza hiyo. Mimi naishika Meza kwa moyo wote, wala sioni kwamba Bwana aliagiza ukumbusho wake bure. Lakini jirani asiyekula mkate huo, naye akamshukuru Mungu kwa unyofu juu ya sahani ya ugali na mboga, anatuuliza swali zito sisi tunaoula kila wiki.

Jibu la swali hilo halipatikani katika kufumba macho kwa nguvu tukiwa mstarini. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu wenye kitu walishiba wakalewa ilhali maskini wakikaa na njaa katika mkutano uleule. Hakuwalaumu kwa kukosa machozi. Naye Yustino Shahidi, akiandika kule Roma yapata mwaka 155, aeleza kwamba baada ya sala ya shukrani na Amina ya watu wote mashemasi waligawa vile vilivyobarikiwa na kuwapelekea wasiokuwapo, na kwamba michango ya siku hiyo iliwaendea mayatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hapo ndipo naiona shukrani iliyo kamili: imesemwa kwa kinywa, ikaitikiwa na wote, kisha ikatoka nje ya mlango kumtafuta aliyekosekana.

Basi ewe msomaji utakayekwenda kanisani Jumapili hii, kama una ugomvi na ndugu au jirani, mwendee Jumamosi mpatane. Na kama yuko mgonjwa kijijini kwenu asiyeweza kufika, mpashe habari padri au katekista mapema, ili naye apelekewe komunyo nyumbani.