Bastola ya Kiunoni: Maswali Kabla ya Kununua

Juma lililopita alinitembelea hapa Kyimo shemeji yangu, mnunuzi wa ndizi. Mnawafahamu watu wa kazi hiyo: alfajiri wako barabarani wakipakia lori, na mchana kutwa wanatembea na fedha za kuwalipa wakulima. Usiku mmoja vijana wawili walimfuata hadi kwenye migomba ya nyumba yake, wakakimbia mbwa walipobweka. Tangu siku hiyo halali vizuri. Akaniuliza: "Shemeji, wewe ulipita JKT. Ninunue bastola gani, ndogo, ya kubeba kila siku bila mtu kuiona?"

Nilimwambia nitajibu hapa redioni, maana swali hilo si lake peke yake.

Tuanze na sheria. Bastola hainunuliwi kama panga. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtaka mwenye silaha awe na leseni na awe amethibitishwa kwamba anaweza kuitumia. Maombi huanzia chini, kwa viongozi wa mahali unapoishi, yakapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama na polisi. Wengine hulalamika kwamba ni mzunguko mrefu. Mimi naona una maana. Kama mtu ni mlevi au mpiga mke, wanaojua ni majirani, siyo muuza bunduki.

Sasa tuje kwenye bastola zenyewe. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni rivolva, yenye gurudumu la matundu matano au sita, kila tundu risasi moja. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya bastola ya namna hiyo mwaka 1836. Sifa yake ni urahisi: risasi ikigoma, unavuta tena kifyatulio na tundu jingine linakuja. Kasoro yake ni kwamba risasi ni chache na gurudumu hutuna kiunoni.

Ya pili ni ya magazini, ambayo risasi zake hukaa ndani ya mpini. Kila ukipiga, ganda linatupwa nje na risasi nyingine inaingia yenyewe. Glock 17 ya Austria, iliyotokea mwaka 1982, ni ya aina hiyo, na magazini yake huchukua risasi 17 za milimita 9. Ni bapa, kwa hiyo hufichika vizuri zaidi. Lakini ina mtego: ukichomoa magazini, risasi moja yaweza kuwa imebaki ndani ya chemba. Watu wamekufa kwa bastola ambayo mwenyewe aliapa kwamba haina kitu.

Na udogo je? Hapa ndipo wengi hukosea. Bastola nyepesi hurusha mkono zaidi, na yenye mtutu mfupi ni ngumu kulenga. Kwa hiyo ile ndogo kuliko zote, anayoitaka shemeji, ndiyo inayodai mazoezi mengi kuliko zote. Ukubwa unaofaa ni ule ambao mkono wako unaushika wote, na kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha.

Aidha, mahali pa kuibebea ni muhimu sawasawa na bastola yenyewe. Isikae mfukoni pamoja na funguo. Iwe ndani ya mkoba mgumu unaofunika kifyatulio, kiunoni, mahali pale pale kila siku. Hapa kwetu baridi inatuvalisha makoti, basi kuificha si kazi. Kazi ni kuitoa chini ya koti lililofungwa vifungo, gizani, wakati mtu mwenye panga yuko hatua tatu. Tena mvua za Rungwe mnazijua: chuma kisichofutwa na kupakwa mafuta kitashika kutu.

Risasi ya milimita 9 hutoka na mwendo wa kiasi cha mita 350 kwa sekunde. Haisimami kwenye ukuta wa mbao. Ukimkosa mwizi, upande wa pili analala jirani. Na Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujilinda, lakini nguvu unayotumia lazima ilingane na hatari. Ukimpiga mgongoni mtu anayekimbia, wewe ndiye utakayesimama kizimbani.

Ndugu wasikilizaji, nina sababu ya kusema haya. Mwaka 1989 tulikuwa na gobore la baba, la kufukuzia nguruwe shambani. Jioni moja nililijaza baruti, nguruwe hawakuja, nikaliegesha nyuma ya mlango nikaenda kula. Mtoto wa ndugu yangu, wa miaka saba, akalichezea. Alipona, lakini mkono wake wa kushoto una vidole viwili hadi leo. Mwizi hakuwapo siku hiyo. Aliyelijaza ni mimi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua bastola, nunua sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo ukae kwako peke yako. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, hujawa tayari.

Na swali la mwisho ndilo nililomwuliza shemeji: wale vijana walikufuata wewe au mfuko wako? Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoingia nchini, mkulima anaweza kulipwa kwa simu akiwa shambani kwake. Kijiji kizima kikijua kwamba hutembei na fedha, umepunguza hatari ambayo bastola haiipunguzi.

Jumapili alirudi. Ameanza kuwalipa wakulima wake kwa simu, isipokuwa wazee wachache wanaotaka noti mkononi. Fomu ya leseni bado anataka kuichukua, na sikumkataza. Ni haki yake kuomba. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kwanza aje na mkewe na wanawe, wamsalimie yule kijana kwa mkono wa kushoto.

Hadi juma lijalo, kwaherini.